Doa la Bibo

Kwanza nilisema ni bibo.
Msimu wa korosho huku Newala
nani asiye na doa?
Watoto wanakamua mabibo kwa meno, maji yanaruka,
na doa lake, mama alisema, halisikii sabuni,
hukaa mpaka msimu uishe.

Lakini bibo halipaki nguo kwa ndani.

Nimesimama chooni,
ukungu umeingia kwa juu bila kubisha,
natazama kitu kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
si nyekundu, si kahawia,
na mimi karani wa mizani,
ninayejua kilo za gunia kwa kulitazama tu,
sijui doa hili lina uzito gani.

Wiki ya nane. Nimehesabu kwa kalamu ya chama
nyuma ya kitabu cha stakabadhi:
Jumatatu, nimetapika chai.
Jumanne, matiti yanauma kama jipu.
Alhamisi, hakuna kitu.
Alhamisi hiyo ilinitisha kuliko zote.
Nilikwenda kunusa samaki wakavu wa Bi Tabu makusudi,
nikangoja tumbo lipande. Halikupanda.
Nani mwingine anaomba kutapika?

Mwaka juzi waliniambia, ilikuwa bado damu tu.
Damu tu.
Nilikuwa nimeshaipa jina.

Mama mkwe hajui. Mimba changa haitangazwi,
inafichwa kama malipo ya mnada wa kwanza,
wanaokudai wasisikie.
Nalemba wa dawati la pili hajui,
ingawa ananiona nikikaa kila nikipata nafasi,
mkono chini ya kitovu
kama mtu aliyebeba mfuko unaotaka kutoboka.

Bakiri nilimwambia kwa maneno matatu.
Alivaa viatu vya Idi, sijui kwa nini,
tukapanda bodaboda, polepole,
polepole hata dereva akauliza kama tumebeba mayai.
Hatukumjibu.

Nesi aliuliza kwa sauti ya mtu anayepima unga:
pedi ngapi? imejaa? maumivu upande mmoja? kizunguzungu?
Kila "hapana" niliitoa taratibu, kama natoa noti.
Akanipima. Akavua glavu. Akasema akiwa anaandika,
bila kuniangalia:
"Mlango umefunga."

Akaongeza mengine. Damu ikijaa pedi, njoo.
Upande mmoja ukichoma kama kisu, njoo, usisubiri kuche.
Usibebe ndoo. Rudi wiki ijayo tupige picha.
Hakusema "itakaa".
Nilikaa pale kwenye kiti nikiingoja,
mpaka mwingine akaitwa.

Sasa Bakiri ndiye anayekwenda bombani,
ndoo kichwani, shingo imekakamaa,
maji nusu yanafika, nusu yanabaki kwenye shati.
Wanawake wa foleni walicheka,
kisha wakatazamana, kisha wakanyamaza.
Mmoja, Somoe, akavua kata yake ya kitenge
akamwekea kichwani, hakuuliza kitu.
Aliponisimulia, nikajua: wameshajua.
Nilitaka kukasirika. Nikalia tu.

Usiku nalala kwa ubavu, nasikiliza.
Komeo letu limelegea,
Bakiri hulikaza kwa kipande cha gunia,
upepo ukipita linagonga, linagonga.
Mlango umefunga, najiambia.
Umefunga. Lakini nani yuko ndani?
Yupo mtu? Au nalinda chumba kitupu?
Hakuna wa kunijibu mpaka Jumatano.

Leo nimeifua ile nguo kwa ndimu na majivu.
Doa limepauka, halijatoka.
Nimeianika ndani, nyuma ya mlango.

Hapo kwa jirani wameanza kuchoma korosho,
moshi ukapita dirishani, mzito, wenye mafuta,
na tumbo likapanda
nikalikimbilia beseni, magoti chini,
chai yote, uji wote,
na Bakiri anaingia, kasimama na ndoo yake kichwani,
maji yanamchuruzika usoni,
hajui aseme pole
au hongera.